Hodi Mlimani, Karibu Pwani: Kufundisha Vidhibiti Viwili Kuzungumza kwa Redio

Nyumba ninayoitolea mfano ipo Mikindani, hatua chache kutoka ghubani, na tangi lake la maji la lita 2,000 limesimamishwa juu ya mwinuko ulio nyuma yake, umbali wa mita 80 hivi, ili maji yashuke yenyewe kwenye mabomba bila kuhitaji pampu. Maji huja kwa mgao, aghalabu usiku wa manane, na kabla ya kazi hii kufanyika njia pekee ya kujua kama tangi limejaa ilikuwa mtu kupanda alfajiri na kuligonga kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, mpaka asikie mahali mlio unapobadilika. Tulifikiria kuvuta waya, lakini waya wa urefu huo unaopita kati ya minazi na matuta ya mihogo hukatwa na jembe mapema, na msimu wa radi unapofika huwa njia ya kuingiza balaa ndani ya nyumba. Redio ndogo mbili, moja kwa kila upande, zinaitosha kazi hiyo. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuziandikia programu ili zitumiane ujumbe mfupi, na hasa jinsi ya kuhakikisha kwamba kila upande unajua kama umesikika.

Utahitaji vidhibiti viwili, yaani zile kompyuta ndogo zilizomo ndani ya chipu moja ambazo wengine huziita maikrokontrola. Mimi nilitumia Arduino Nano kwa sababu mafundi wengi wanaifahamu na programu yake huandikwa kwa kompyuta ya kawaida kupitia kebo ya USB. Utahitaji pia moduli za redio aina ya nRF24L01+, na hapo ninakusihi ununue tatu hata kama kazi inahitaji mbili. Moduli isiyofanya kazi haitofautiani kwa macho na iliyo nzima, kwa hiyo ya tatu ndiyo itakayokuambia ni ipi mbovu. Tena sisi wa kusini vifaa hivi huvipata Kariakoo na kuvisubiri kwa basi, na wote tunakumbuka jinsi barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilivyokatika eneo la Somanga kwa mafuriko ya Mei 2024.

Alama ya kujumlisha iliyo mwishoni mwa jina la chipu hiyo si pambo. Chipu yenye alama hiyo inaweza kutuma kwa kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde, ilhali ile ya zamani isiyo na alama huanzia megabiti 1. Kwa kazi yetu kasi ndogo ndiyo yenye faida, kwa kuwa upande unaopokea husikia mawimbi dhaifu zaidi: kwa kilobiti 250 chipu husikia hadi kiwango cha desibeli-miliwati hasi 94, na kwa megabiti 2 huishia hasi 82. Tofauti hiyo ya desibeli 12, mahali pa wazi pasipo kizuizi, ni sawa na kuzidisha umbali mara nne, na ujumbe wa kina cha maji hauna haraka yoyote ya kuupotezea umbali huo.

Kuunganisha nyaya hakuchukui muda, lakini kunahitaji utulivu. Mguu wa moduli unaoitwa SCK huenda kwenye pini ya 13 ya Nano, MISO kwenye 12, MOSI kwenye 11, CSN kwenye 10 na CE kwenye 9, na mguu wa IRQ huachwa wazi. Umeme wa moduli ni volti 3.3. Miguu yake ya mawasiliano inavumilia volti 5 za Nano, lakini mguu wa umeme hauvumilii: chipu imetengenezwa kwa volti 1.9 hadi 3.6, na ukiupeleka mguu huo kwenye pini ya volti 5 utaiunguza mara moja bila moshi wala harufu ya kukuonya.

Hapa kwenye umeme ndipo kazi nyingi hufia, na watu huilaumu programu isiyo na kosa. Redio hii hutumia umeme kwa kushtukiza: inalala, kisha kwa muda usiofika milisekunde moja inavuta zaidi ya miliampea 11, kisha inalala tena, na nyaya ndefu za ubao wa majaribio haziwezi kuifuata kwa wepesi huo. Volti hushuka kwa kitambo kidogo, chipu husahau mipangilio yake, na wewe unaona ujumbe mmoja umefika, mitatu imepotea, kisha kimya. Dawa yake ni kapasita ya maikrofaradi 10 hadi 47, iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye miguu ya umeme ya moduli yenyewe, mguu hasi kwenye hasi na chanya kwenye chanya. Usiiweke kwenye ubao wa majaribio sentimita kumi kutoka hapo, kwa sababu nyaya hizo ndizo zenye tatizo. Kama umenunua moduli kubwa yenye antena ya kufunga kwa skrubu, fahamu kwamba inapotuma huvuta miliampea zaidi ya 100, kiasi ambacho pini ya volti 3.3 ya Nano haiwezi kukitoa, hivyo itafutie kirekebishi chake cha volti.

Sasa tuchague masafa. Chipu hii hufanya kazi kwenye gigahezi 2.4, ikiwa na chaneli 126 zinazoanzia megahezi 2400 na kupishana kwa megahezi moja moja, kwa hiyo chaneli ya 78 ni megahezi 2478. Utasoma ushauri mwingi wa kupanda hadi chaneli ya 100 na zaidi ili kuikimbia Wi-Fi, nami siukubali, kwa sababu sehemu iliyoachiwa vifaa vidogo vya namna hii katika nchi nyingi huishia megahezi 2483.5, na kwetu msimamizi wa masafa ni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Hakuna sababu ya kutoka nje ya uwanja wakati ndani kuna nafasi: vifaa vingi vya Wi-Fi hukaa kwenye chaneli zake za 1, 6 na 11, na hiyo ya 11 huishia karibu na megahezi 2473, kwa hiyo 2478 ni mahali patulivu.

Pakua maktaba, yaani mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa, inayoitwa RF24 kupitia orodha ya maktaba ya programu ya Arduino, kisha uandike msimbo wa upande wa tangi hivi:

```
#include <SPI.h>
#include <RF24.h>

RF24 redio(9, 10); // CE, kisha CSN
const byte mlima[6] = "MLIMA";   // anwani ya tangi
const byte pwani[6] = "PWANI";   // anwani ya nyumba

struct Ujumbe {
  uint16_t namba; // huongezeka kwa kila hodi
  uint16_t kina; // sentimita za maji
  uint16_t betri; // milivolti
};
Ujumbe hodi, karibu;

void setup() {
  Serial.begin(9600);
  if (!redio.begin()) {
    Serial.println("Redio haijibu, kagua nyaya");
    while (true) {}
  }
  redio.setChannel(78);
  redio.setDataRate(RF24_250KBPS);
  redio.setPALevel(RF24_PA_LOW);
  redio.setRetries(10, 15);
  redio.setPayloadSize(sizeof(Ujumbe));
  redio.openWritingPipe(pwani);
  redio.openReadingPipe(1, mlima);
  redio.startListening();
}
```

Msimbo wa upande wa nyumba unafanana na huu kwa kila mstari, isipokuwa anwani mbili za mwisho hubadilishana: nyumba humwandikia mlima na kusikiliza kwa jina la pwani. Chaneli, kasi na ukubwa wa ujumbe lazima vilingane pande zote mbili, kwani redio zilizotofautiana katika kimojawapo ni kama watu wawili wanaoongea katika vyumba tofauti na milango imefungwa.

Anwani ni baiti tano, nami hupenda kutumia herufi tano zinazosomeka ili kosa lionekane kwa macho. Ipo herufi moja ya kujihadhari nayo. Kabla ya kila ujumbe redio hutanguliza mlio wa kuamsha msikilizaji, ambao ni moja na sifuri zinazopokezana, na herufi U kubwa katika hesabu ya kompyuta ni sifuri na moja zinazopokezana vilevile. Anwani kama «UUUUU» basi haitofautiani na mlio wa kuamshia, na msikilizaji hatajua salamu imeishia wapi na jina limeanzia wapi.

Zingatia pia kwamba ndani ya ujumbe nimeandika `uint16_t` badala ya `int` iliyozoeleka. Kwenye Nano `int` ni baiti mbili, lakini kwenye vibao vingine, ESP32 kikiwemo, ni baiti nne, na siku utakapobadilisha kibao cha upande mmoja tu namba zote zitasomeka upogoupogo. Ujumbe wetu wote ni baiti 6, na chipu inaruhusu hadi 32, kwa hiyo usijaribiwe kutuma sentensi nzima kama «tangi limejaa maji hadi juu». Tuma namba, na maneno yaandikwe na upande wenye kioo, yaani skrini ndogo ya kuonyeshea namba. Ujumbe mfupi hukaa hewani chini ya nusu milisekunde, na kadiri unavyokaa muda mfupi hewani ndivyo unavyopunguza nafasi ya kugongana na mwingine.

Tumefika kwenye kiini. Redio hii ina kinywa na ina masikio, lakini haivitumii kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila upande lazima uambiwe lini useme na lini usikilize. Utaratibu wake tunao tayari majumbani mwetu: mgeni hupiga hodi, hunyamaza, husubiri karibu, na asipojibiwa hurudia kisha huondoka, bila kujisemea kwamba ameingia. Upande wa tangi uandikwe kwa utaratibu huo huo:

```
void pigaHodi() {
  hodi.namba++;
  hodi.kina = pimaKina();
  hodi.betri = pimaBetri();

  redio.stopListening();
  bool imefika = redio.write(&hodi, sizeof(hodi));
  redio.startListening();

  bool imejibiwa = false;
  unsigned long mwanzo = millis();
  while (millis() - mwanzo < 200) {
    if (redio.available()) {
      redio.read(&karibu, sizeof(karibu));
      if (karibu.namba == hodi.namba) {
        imejibiwa = true;
        break;
      }
    }
  }
  Serial.print(imefika);
  Serial.print(" ");
  Serial.println(imejibiwa);
}
```

Kazi za `pimaKina` na `pimaBetri` utaziandika kulingana na vipimo ulivyonavyo. Upande wa nyumba husikiliza muda wote. Ukisikia hodi, unanakili namba yake kwenye karibu, unasubiri milisekunde 5 ili mlima upate nafasi ya kugeuka kutoka kusema kwenda kusikiliza, unajibu, kisha unarudi kusikiliza:

```
if (redio.available()) {
  redio.read(&hodi, sizeof(hodi));
  karibu.namba = hodi.namba;
  delay(5);
  redio.stopListening();
  redio.write(&karibu, sizeof(karibu));
  redio.startListening();
  mudaWaMwisho = millis();
}
```

Msomaji makini atauliza kwa nini nina majibu mawili, `imefika` na `imejibiwa`, wakati moja lingetosha. Jibu la kwanza hutolewa na chipu ya redio ya upande wa pili yenyewe, bila kumuuliza kidhibiti: chipu ikipokea ujumbe usio na dosari hurudisha neno la kukiri, na isiporudisha, chipu ya mtumaji hurudia, kwa mpangilio wetu hadi mara 15, ikipumzika maikrosekunde 2750 kati ya rudio na rudio. Utaratibu huo ni mzuri sana, lakini unathibitisha kwamba ujumbe umefika kizingitini tu. Chipu ina nafasi ya kuhifadhi jumbe tatu. Programu ya nyumba ikiwa imekwama, chipu itaendelea kukiri jumbe tatu za kwanza kana kwamba mambo yote ni shwari, ilhali hakuna aliyezisoma. Jibu la pili hutoka kwa programu yenyewe, baada ya kuufungua ujumbe na kuisoma namba iliyomo, na hilo ndilo karibu la kweli.

Kinyume chake pia hutokea: ujumbe ukafika salama lakini neno la kukiri likapotea njiani, na mtumaji akaamini kuwa ameshindwa. Ukiamua kutuma upya ujumbe uleule kwa sababu hiyo, usiibadilishe namba yake, ili mpokeaji akiona namba aliyokwisha kuisoma ajue ni marudio na asiihesabu mara mbili. Kwa kina cha maji kosa hilo halina madhara, lakini kwa anayehesabu magunia ya korosho yanayoingia ghalani, gunia moja litakuwa mawili.

Msimbo ukikubali mezani, usifikiri umemaliza, kwani meza haina mnazi wala ukuta. Panda na kompyuta hadi kwenye tangi na uongeze mstari mmoja unaochapisha `redio.getARC()`, ambao hukuambia ni mara ngapi chipu ililazimika kurudia ujumbe wa mwisho. Namba hii inakufundisha mengi kuliko kujua tu kwamba ujumbe umefika, maana ujumbe uliofika baada ya marudio 14 ulikuwa ukingoni mwa kupotea. Pale Mikindani nilianza na redio ya nyumba ikiwa dirishani, na marudio yalikuwa sifuri au moja. Nilipomwomba kijana aliyenisaidia ahamishie redio hiyo ndani, nyuma ya ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe na chokaa wenye unene unaokaribia urefu wa mkono wangu hadi kwenye kiwiko, marudio yalipanda mpaka 9 na 12, na baadhi ya jumbe hazikufika kabisa. Kisha nikasimama mwenyewe kati ya antena na nyumba, nikaona namba ikipanda, nikasogea pembeni, ikashuka. Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji huyameza mawimbi ya masafa haya, kwa hiyo majani mabichi ya mkorosho yaliyolowa mvua yatafanya vivyo hivyo. Fanya jaribio lako siku ya mvua, au ujiwekee akiba: kama siku ya jua marudio yanapita 3 mara kwa mara, inua antena, iondoe nyuma ya tangi, au ongeza nguvu ya kutuma kutoka `RF24_PA_LOW` hadi `RF24_PA_HIGH`. Kuinua antena mita moja mara nyingi hushinda kuongeza nguvu.

Kwa umbali wa kilomita, mathalani kutoka Lindi mjini kuvuka ghuba hadi Kitunda, acha chipu hii na utumie redio za LoRa. Utaratibu wa hodi na karibu utabaki uleule.

Sasa niseme jambo ambalo nililipata kwa uchungu. Toleo langu la kwanza lilifanya kazi kwa majuma kadhaa, nami nikaliona limekamilika. Asubuhi moja mama mkubwa, mwenye nyumba ile, alinipigia simu, na baada ya kuniitikia shikamoo yangu akaniuliza: «Mwanangu, kioo chako kinasema maji ni sentimita 140, mbona bomba linakohoa?» Nilipanda mlimani nikakuta betri ya upande wa tangi imekufa tangu juzi yake. Kioo cha nyumbani kilikuwa kinaonyesha namba ya mwisho iliyopokelewa, kwa mwanga uleule na kwa uhakika uleule, na kwa siku mbili watu wa nyumba ile walifua na kuogesha watoto wakiamini wana maji ambayo hawakuwa nayo. Msimbo haukuwa na dosari hata moja katika kupokea. Ulikuwa haujafundishwa kwamba kutopokea nako ni habari.

Kwa hiyo upande wa nyumba lazima uhesabu muda tangu hodi ya mwisho. Tangi letu hupiga hodi kila dakika moja, nami nimeweka kikomo cha dakika tatu, ili kupotea kwa ujumbe mmoja au miwili kusiwatie watu hofu bure. Hapo juu kabisa ya msimbo tangaza `unsigned long mudaWaMwisho = 0;` na ndani ya mzunguko mkuu andika:

```
if (millis() - mudaWaMwisho > 180000UL) {
  onyeshaKimya();
} else {
  onyeshaKina(hodi.kina);
}
```

Hakikisha hesabu inafanywa kwa kutoa, kama ilivyoandikwa, wala si kwa kujumlisha muda wa mbele na kuulinganisha na saa. Saa ya `millis` hurudi sifuri baada ya siku 49 na ushei, na hesabu ya kutoa kwa namba zisizo na hasi huvuka mpaka huo salama. Kazi ya `onyeshaKimya` ifute namba ya zamani kabisa na kuandika neno KIMYA kwa herufi kubwa pamoja na dakika zilizopita, kwani namba ya zamani ikibaki kwenye kioo, hata kwa udogo, mtu mwenye haraka ataisoma. Milivolti za betri zilizomo katika kila hodi zitakuonya siku kadhaa kabla ya kimya hicho kufika, mradi kioo kizionyeshe pia.

Ukitaka siku moja nyumba iamuru pampu badala ya kusoma kina tu, kanuni hii inageuka kuwa ya usalama. Pampu isiwashwe kwa neno «washa» na kuachwa ikingoja neno «zima», kwa sababu neno la pili likipotea pampu itazunguka hadi iungue. Ipewe neno «endelea» kila sekunde 10, na ikikosa kulisikia kwa sekunde 30 ijizime yenyewe. Kumbuka pia kwamba chipu hii haifichi chochote: yeyote mwenye moduli kama yako na anayeijua anwani yako anaweza kusikiliza na kutuma, kwa hiyo usiikabidhi mlango wala geti.

Kabla ya kufunga masanduku, paka rangi ya kucha au vanishi juu ya sehemu zilizolehemiwa, kwa kuwa upepo wa chumvi wa ghubani hula shaba haraka, na tundu la kupitishia waya liwe chini ya sanduku ili maji yasitiririkie ndani. Kisha waite watu wa nyumba waketi mbele ya kioo, umtume mtu mlimani akachomoe betri bila kuwaambia saa, na msubiri pamoja. Namba itaendelea kuonekana kwa dakika tatu, kisha itafutika na neno KIMYA litokee. Betri ikirudishwa, hodi ya kwanza itafika na kina kitarudi mahali pake. Wakiwa wameyaona hayo mara moja kwa macho yao, wakabidhi kifaa.